Mabando mangapi yanatosha kichwa kizima? Uzoefu wangu na wivingi wa inchi 18

Safari hii nimenunua nywele halisi Kariakoo: inchi 18, zenye mawimbi, mabando matatu, yaani mafungu ya nywele zilizoshonewa kwenye utepe, na kloza ya inchi 4 kwa 4, kile kipande cha wavu chenye nywele kinachokaa utosini. Zimetosha kichwa kizima na kipande kimebaki.

Muuzaji alishikilia nichukue manne. Nikakataa, maana bando huwa na gramu 100 hivi, liwe la inchi 10 au la inchi 26. Uzito ni uleule, kwa hiyo kadiri nywele zinavyorefuka, ndivyo ule utepe zilikoshonewa unavyokuwa mfupi. Kwa kichwa cha wastani kama changu, inchi 10 hadi 14 mabando mawili yanatosha, 16 hadi 20 matatu, na ukifika 22 hapo andaa hela ya manne. Kloza nayo inafunika utosi, hivyo inakupunguzia.

Nilimwomba ayaweke kwenye mizani moja moja. Moja lilikuwa jepesi kuliko wenzake, na ukilishika nchani unaona kabisa limenyong'onyea. Akalibadilisha bila kununa, na kwa hilo nampa maua yake. Dada, usione haya kuomba mizani, hela ni yako.

Saluni, msusi alinisuka mistari ya kulala, akaanzia kushonea kisogoni. Chini aliachanisha nafasi ya kama kidole, alipokaribia kloza akabananisha. Akifika mwisho wa mstari anaukunja utepe na kurudi nao, haukati, kwa sababu ukikatwa ovyo nywele zinaanza kunyonyoka. Bando la nne angelipachika wapi? Kichwa kingekuwa kizito, na uzito ule unavuta nywele zako za pembeni mpaka zinakatika. Hili naliona sana kwa wanaopenda kujaza, na linaniuma.

Jambo jingine: nywele za mawimbi hupimwa zikiwa zimenyooshwa. Hizi za 18 zikiachiwa zinapanda juu kidogo, na za kujikunja sana hupanda zaidi. Ukitaka zifike kiunoni, ongeza inchi kabla hujaongeza mabando.

Zimeoshwa, zimekaushwa, hazifungamani. Kloza ndiyo siipi alama zote: vifundo vyake, pale nywele zilipofungwa kwenye wavu, vilikuwa vyeusi mno, msusi akalazimika kuvipaka poda ya rangi ya ngozi.