Propela "ya mashindano" niliyouziwa mjini Mombasa

Naandika hasira zikiwa bado zimenikaba kooni. Majuzi nilimnunulia binti yangu propela ya plastiki kwenye duka moja karibu na Marikiti. Ni ya ndege yake ndogo ya mashindano, zile zinazoendeshwa na utepe wa mpira: unausokota mpira, unaiachilia ndege iruke yenyewe ukumbini. Kwenye pakiti wameandika kwa kalamu: "Imekatwa, sm 20, tayari kwa mashindano." Sheria za mashindano hayo zinaruhusu kuikata propela, kuipiga msasa, hata kuyapinda mapanga yake kwa maji ya moto, mradi kipenyo kisizidi sentimita 20. Nikaamini maandishi.

Kwenye mazoezi mwalimu akaweka rula: 20.4. Angekuwa jaji yule, mtoto angetolewa hapo hapo, ndege mkononi.

Nikarudi dukani. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu. "Mamangu, milimita nne ni kitu gani? Si watoto wanacheza tu?" Wanacheza! Mtoto anakaa hadi saa tano usiku akipima uzito wa vijiti vya balsa, ule mti mwepesi wa kuundia ndege, eti anacheza! Na hela hakunirudishia. Msiende kabisa pale.

Binti hakungoja niishe kulalamika. Akakata milimita mbili kila ncha kwa kikata kucha, akapitisha pini kwenye tundu la katikati. Panga moja likashuka papo hapo: zito. Akalipiga msasa upande wa nyuma, kidogo kidogo, mpaka propela ikawa inatulia popote anapoiacha, na plastiki nyembamba hadi mwanga wa dirisha unapenya. Ila sasa pua ya ndege ikawa nyepesi. Ndege ikawa inainua kichwa, inasita, inaanguka. Akaibandika plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, puani, kitonge kama punje ya choroko.

Tukazima mapangaboi yote ya ukumbi, jasho likitutiririka, akaiachilia. Ilizunguka polepole juu ya vichwa vyetu, hata sijui nilishusha pumzi saa ngapi.

Basi nikisema propela yenyewe mbaya nitakuwa nimedhulumu. Plastiki yake ni nzuri, imevumilia msasa wote ule bila kupasuka, na sijaona nyingine kama hiyo hapa mjini. Huenda tukainunua tena. Lakini yule kijana sitaki kumwona. Nitamtuma mume wangu, aende na rula, apime pale pale kaunta kabla hajatoa hela.