Kuchagua mtaa wa kulea watoto: foleni, shule na usalama, kipi kitangulie?

Watu wengi huchagua nyumba kwanza, mtaa wakaupokea jinsi ulivyo. Lakini nyumba unaweza kuipaka rangi, kuiongezea chumba, hata kubomoa ukuta. Mtaa utabaki vilevile. Kwa hiyo hapa ninapanga kwa ubora mitaa, si nyumba, na kipimo changu ni asubuhi ya siku ya kazi: nani anatoka saa ngapi, anapita wapi, na jioni nani anawahi kumpokea mtoto.

Nianze na usalama, maana ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Ukiutaja, watu huwaza wezi. Kwa mtoto, barabara ndiyo ya kuogopwa kwanza: Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililotoka kwenye mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani, lilitaka mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na waenda kwa miguu huchanganyika mara kwa mara. Kibao peke yake hakimpunguzi dereva mwendo. Tafuta matuta, njia pana ya miguu isiyoegeshwa magari, na kivuko mbele ya shule ambacho madereva wanakiheshimu kweli. Simama hapo wakati watoto wanatoka shuleni, utapata jibu ambalo dalali hatakupa.

Uhalifu nao una sura tofauti. Simu kuchomolewa kwenye kituo chenye msongamano si sawa na nyumba kuvunjwa usiku. Waulize wanawake wanaorudi kazini gizani wanapita njia ipi, na ile nyingine wanaikwepea nini. Uliza pia maji ya mvua huenda wapi. Mtaa unaofurika si salama hata ukiwa na walinzi kila kona.

Safari ya kazini ndiyo gharama ambayo watu huidharau, kwa sababu hailipwi kwa mkupuo. Dakika 40 za ziada kwenda na 40 kurudi, kwa siku 230 za kazi, ni zaidi ya saa 300 kwa mwaka. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey walichunguza takwimu za Ujerumani wakakuta kwamba wenye safari ndefu hawaridhiki na maisha yao kama wenye safari fupi. Nyumba nzuri au mshahara mnono haukuwa umewafidia. Mimi ninaongeza jambo moja: safari inayotabirika ni bora kuliko fupi isiyotabirika. Dakika 35 kila siku zinapangika. Dakika 20 ambazo siku nyingine hugeuka 70 zitakufanya umkute mtoto amebaki peke yake na mlinzi wa shule.

Kwenye shule, wastani wa ufaulu usikulevye. Kwa sehemu kubwa unaonyesha kipato na elimu ya wazazi walioko pale. Uliza walimu wanakaa miaka mingapi kabla ya kuhama, kama nafasi ipo kwa darasa la mwanao, na kama kuishi hapo kunakuhakikishia nafasi hiyo. Umri nao una uzito. Marekani, kuanzia 1994, familia zilizoishi kwenye maeneo yenye umaskini mwingi zilipewa kwa bahati nasibu msaada wa kodi ya nyumba ili zihamie penye umaskini mdogo. Miaka ilipopita, mchumi Raj Chetty na wenzake walikuta kwamba waliohama wakiwa chini ya miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa zaidi utu uzimani. Waliohama wakubwa hawakunufaika hivyo. Kama mwanao yuko karibu kumaliza sekondari, sioni sababu ya kumng'oa kwa ajili ya shule yenye jina.

Sasa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza ni mtaa wa zamani wenye shule ya kufika kwa miguu na usafiri wa umma wa uhakika, hata kama shule hiyo ni ya wastani. Nyumba zitakuwa ndogo na mabomba yamechoka. Lakini mtoto akitembea mwenyewe kwenda shule, safari moja nzima imefutika kwenye ratiba ya wazazi, na majirani wanamfahamu kwa sura. Hakuna aina nyingine inayotatua mambo matatu kwa mpigo.

Ya pili ni kiunga kilicho kando ya reli au njia kuu ya basi, mradi kituo kiwe umbali wa dakika kumi kwa miguu. Kikizidi hapo, utaishia kununua gari la pili.

Ya tatu, katikati ya jiji. Kazini ni karibu, ila kelele, moshi na ukosefu wa uwanja wa kuchezea huwaumiza zaidi walio kati ya miaka minne na kumi.

Ya nne itawaudhi wengi: makazi yenye ukuta na geti. Ndani watoto wanaendesha baiskeli bila hofu, sawa. Nje ya geti kila kitu ni gari, na basi la shule huwapitia kabla hakujapambazuka. Mzazi mmoja akifanyia kazi nyumbani, ninayapandisha hadi nafasi ya pili.

Mwisho kabisa ni eneo jipya la mbali ambako shule na lami “zinakuja”. Nunua kilichopo leo.

Kama wazazi wawili wanafanya kazi pande mbili za jiji, msigawanye umbali katikati, maana wote wawili mtachelewa. Kaeni karibu na anayemchukua mtoto. Na kabla ya kusaini chochote, fanyeni safari yote siku ya kazi, kwa saa yenu halisi: mlangoni, shuleni, kazini, kisha rudini giza likiwa limeingia. Ikiwezekana, pangeni nyumba mtaani humo kwanza mpaka mvua kubwa zipite.