Mzingile na bustani za Hampton Court: uzoefu wangu

Wengi wanaofika kasri la Hampton Court, kusini magharibi mwa London, wanakimbilia mzingile kwanza, yaani zile njia zilizopindapinda kati ya ua wa miti, za kumpoteza mtu. Mimi nashauri vingine. Ukishapita getini, panda ghorofani kwenye vyumba vya mfalme, simama kwenye dirisha linalotazama kusini, uangalie chini. Bustani ya faragha ya mfalme William III ilichorwa kwa ajili ya mtu aliye juu. Ukiwa ndani yake unaona changarawe, masanamu na vichaka vilivyochongwa ncha. Ukiwa dirishani ndipo mchoro unakamilika: nyasi zimekatwa kwa mapindo, pande mbili zinalingana sawasawa, na macho yanavutwa moja kwa moja hadi kwenye uzio wa chuma wa fundi Mfaransa Jean Tijou, ambao nyuma yake unapita mto Thames.

Kabla ya mwaka 1995 usingeyaona hayo. Moto wa mwaka 1986 uliunguza sehemu ya vyumba hivi, na vilipokuwa vimekarabatiwa, kazi ikahamia kwenye bustani iliyo chini yake. Wakati huo ilikuwa imesongwa na miti mikubwa iliyoziba mto. Waakiolojia walichimba, wakakuta alama za vitalu vya zamani bado zimo ardhini, na kila kitu kikapandwa upya kwa kufuata alama hizo. Ilifunguliwa mwaka 1995 katika sura iliyokuwa nayo mwaka 1702. William mwenyewe hakuifaidi, alifariki mwaka huo huo. Kwangu hii ndiyo sehemu inayostahili pesa ya tiketi, na nisingekubali mtu aniharakishe hapo.

Sasa mzingile. Ulipandwa karibu mwaka 1700 na watunza bustani wa mfalme, George London na Henry Wise, na ndio mzingile wa miti wa zamani kuliko yote iliyobaki Uingereza. Ni mdogo kuliko unavyotarajia: theluthi moja tu ya eka. Lakini njia zake zimekunjwakunjwa hadi zinafika karibu mita 800, kwa hiyo unatembea kweli. Sisi tuliozoea ua wa michongoma, unaopandwa ili ng'ombe na mwizi wasipite, tunashangaa kuona ua uliopandwa ili mgeni apotee kwa raha. Sehemu kubwa siku hizi ni miti ya yuu, yenye majani membamba ya kijani kizito. Isogelee uitazame: kwa nje imebana kama ukuta, ila ukichungulia ndani ni matawi makavu ya kahawia, majani yote yapo usoni tu. Ndiyo maana mtu akijipenyeza kufupisha njia anaacha tundu lisiloziba haraka. Tafadhali msifanye hivyo. Na wenye watoto wadogo, waangalieni wasitafune majani wala mbegu, mti huu una sumu.

Kama hutaki kupotea, kuna kanuni inayofanya kazi hapa: weka mkono mmoja kwenye ua tangu mlangoni na usiuondoe, hata ukiingizwa kwenye njia isiyotokea. Utafika katikati. Ramani ya mzingile huu ndiyo ilitumiwa na mwanasaikolojia Willard Small huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, kutengeneza njia za kuwapima panya akili. Hilo nililifikiria sana nikiwa mle ndani, nikisikia sauti za watu upande wa pili wa ua, karibu kabisa, na hakuna pa kupita kuwafikia.

Kama unachotaka ni kupotea hasa, nenda kwenye mzingile wa Longleat, kusini magharibi mwa Uingereza, wenye miti zaidi ya 16,000, uliotengenezwa mwaka 1975. Huko nenda na maji ya kunywa.

Upande wa mashariki, kwenye bustani ya chemchemi, utaona miti ya yuu minene yenye umbo la uyoga. Zamani ilikuwa midogo, imekatwa ncha nyembamba. Lancelot Brown, aliyekuwa msimamizi wa bustani tangu mwaka 1764, aliacha kuipogoa na ikajikulia. Huyo huyo ndiye aliyepanda mzabibu mkubwa mwaka 1768, na hadi leo unazaa ukiwa ndani ya nyumba yake ya vioo. Nje ya kioo kuna kiwanja kitupu cha udongo, hakuna hata ua moja lililopandwa, kwa sababu mizizi yake ndiyo inayokula hapo. Zabibu zake nyeusi huuzwa dukani humo mwanzoni mwa Septemba. Ukiweza, panga safari yako wakati huo.

Kufika ni rahisi: treni kutoka kituo cha Waterloo, katikati ya London, hadi kituo cha mwisho, kisha unavuka daraja kwa miguu. Nimewahi kwenda na kampuni ya matembezi iliyotupa muda wa kuona vyumba na mzingile tu, bustani tukazipita mbio kurudi kwenye basi. Nenda mwenyewe, siku ya kazi, asubuhi, kabla makundi ya shule hayajajaa kwenye mzingile. Bustani nazipa nyota tano. Mzingile nne, kwa sababu siku ya Jumamosi foleni inakuonyesha njia na raha yote inaisha.