Google Scholar kwa mtafiti wa uongozi: uzoefu wangu hapa Kisumu

Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu uongozi katika vyama vya akiba na mikopo, na karibu kila chanzo changu nilianza kukitafuta kwenye Google Scholar. Ni huduma ya Google ya kutafuta makala na tasnifu za kitaaluma; ni ya bure, huhitaji kujisajili ili kutafuta, na kurasa zake ni nyepesi, hazimalizi bando. Kwa mtu anayetoka kazini jioni na kufika Kondele giza limeshaingia, hilo ni jambo kubwa.

Ninachokipenda zaidi ni kile kiungo chini ya kila makala kinachoonyesha ni nani wengine wameitaja. Unaona mjadala ulivyoendelea: nani aliunga mkono, nani alipinga, nani alilijaribu wazo lile katika shirika la aina nyingine. Ukifuata marejeo kurudi nyuma, unafika kwenye mzizi. Tasnifu nyingi za uongozi nilizosoma humtaja mwanasaikolojia Kurt Lewin pale zinapogawa viongozi katika makundi matatu: anayeamuru, anayeshirikisha na anayeacha mambo yajiendee. Nilifuata mnyororo huo hadi kwenye utafiti wenyewe wa mwaka 1939, alioufanya pamoja na Ronald Lippitt na Ralph White huko Iowa, Marekani. Waliochunguzwa ni wavulana wa umri wa miaka 10 hivi, katika vikundi vya kazi za mikono vilivyosimamiwa na watu wazima. Hapakuwa na mfanyakazi wala mshahara. Utafiti ule una thamani yake, lakini kuufanya ushahidi wa jinsi meneja anavyopaswa kuwaongoza maofisa wa mikopo ni kuutwisha mzigo usio wake. Ndiyo maana sinukuu kitu ambacho sijakifungua na kukisoma.

Tatizo ni kwamba Scholar hukusanya tu, haichuji. Tasnifu, rasimu, makala ya jarida makini na ya jarida linalochapisha chochote mradi umelipa, zote hukaa ukurasa mmoja. Hata idadi ya kutajwa haitoshi: makala ya zamani imepata muda mrefu wa kutajwa, na nyingine hutajwa ili ikosolewe. Jarida nisilolijua naliangalia kwanza kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria, yaani yanayosomwa bure, iliyoanza mwaka 2003, kisha natazama wahariri ni akina nani na wanafundisha wapi. Likiahidi kuchapisha makala ndani ya siku chache, naachana nalo. Wataalamu hawawezi kuisoma kazi, kuirudisha kwa masahihisho na kuisoma tena kwa muda huo.

Baada ya hapo naenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu. Nani alijibu dodoso? Katika fani hii utakuta meneja ameulizwa kama yeye ni kiongozi mzuri, akasema ndiyo, na jibu hilo likahesabiwa kuwa matokeo. Au wafanyakazi wamejaza karatasi moja, siku moja, kuhusu bosi wao na kuhusu ari yao ya kazi, halafu mwandishi anatangaza kwamba uongozi ndio ulioleta ari. Huenda ari ndiyo iliyowafanya wamsifu bosi! Makala kama hiyo naitumia kwa tahadhari, hata ikiwa imetajwa mara elfu.

Makala ikiwa ya kulipia, bonyeza kiungo cha matoleo yote. Mara nyingi nakala ya bure imo kwenye hazina ya chuo fulani. JSTOR nayo, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, ukifungua akaunti binafsi ya bure, hukuruhusu kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi. Kwa tafiti za Afrika, usipite bila kuingia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998, na hazina za kidijitali za vyuo vyetu kama Maseno na Egerton. Huko ndiko utakakopata vyama vya ushirika vinavyofanana na vyetu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa watakapoweka kichujio cha kutenga makala zilizopitiwa na wataalamu na zile ambazo hazijapitiwa.