Siku ya uchaguzi haimo kwenye flashi yangu

Naandika hasira ikiwa bado ya moto, mtanivumilia. Kuna duka moja hapa Mtwara mjini la kuweka muvi kwenye flashi na simu. Jina silitaji. Mimi ni mteja wao wa muda mrefu, na kwa haki niseme wana muvi nyingi, bei yao haiumizi, na ukiacha flashi ukaenda sokoni, ukirudi unakuta kazi imeisha. Kwa hayo ningewapa alama nzuri.

Safari hii niliomba The West Wing, tamthilia ya Wamarekani kuhusu Ikulu yao. Ilianza kurushwa 1999 ikaisha 2006. Nilitaka sizoni mbili za mwisho, zile za kampeni. Mgombea mmoja ni Santos, mbunge wa Texas mwenye asili ya Kilatino, mtu ambaye mwanzoni hakuna anayempa nafasi. Mpinzani wake ni Vinick, seneta mzee wa California. Ukitazama utasema huyu Santos ni Obama, na hujakosea. Mwandishi mmoja wa tamthilia hiyo, Eli Attie, alimpigia simu David Axelrod, mshauri wa kampeni ya Obama, mwaka 2004 kumuuliza habari za Obama, ambaye wakati huo alikuwa bado anautafuta useneta wa Illinois. Santos akachongwa kutokana na maongezi hayo. Mwaka 2008 Obama wa kweli akagombea urais dhidi ya McCain, seneta mzee wa Arizona.

Lakini kilichonipeleka mimi dukani si Obama. Ni mgombea mwenza.

Wa umri wangu mnakumbuka 2005. Uchaguzi ulipangwa 30 Oktoba. Siku chache kabla, mgombea mwenza wa Chadema, Jumbe Rajab Jumbe, akafariki, kura ikasogezwa hadi 14 Desemba. Zanzibar walipiga zao za kwao Oktoba ileile, sisi tukabaki tunasubiri. Huku kusini hiyo ni miezi ya korosho, watu wako mashambani wanaokota, na kampeni tuliyodhani imeisha ikaanza upya.

Sasa sikilizeni. Mgombea mwenza wa Santos anaitwa Leo McGarry, ameigizwa na John Spencer. Spencer mwenyewe alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 16 Desemba 2005, siku mbili tu baada ya sisi kupiga kura iliyokuwa imeahirishwa kwa msiba wa mgombea mwenza. Waandishi wakaamua Leo naye afe, tena siku yenyewe ya uchaguzi. Nilipolijua hilo sikutulia. Nilitaka kuona wenzetu wanafanyaje. Wanaahirisha kama sisi? Wanamwambia mpiga kura aliye kwenye foleni, au wanaficha? Upande wa pili unakaa kimya?

Na vipindi hivyo viwili, vya siku ya uchaguzi, ndivyo havimo. Majina ya mafaili yapo, tena yameandikwa vizuri. Ukifungua, unakuta muvi ya ngumi.

Nikarudi. "Mwanangu, hivi vipindi viwili sivyo, naomba uniwekee tena."

Kijana wa dukani hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mama, si yule babu anakufa halafu Santos anashinda? Ushajua. Sasa unataka nini tena?"

Wateja wakacheka. Nikamwambia nimevilipia. Akajibu, "Lete hela nyingine nikuwekee za Kikorea, siasa zitakuzeesha bure." Shikamoo sikupewa, wala samahani. Kijana ambaye ningeweza kumzaa.

Hela si kitu. Lililoniuma ni hilo la "ushajua". Kumjua mshindi siyo kuuona uchaguzi! Wa 2005 naweza kukutajia kwa mstari mmoja: Kikwete, asilimia 80. Mstari huo unakuonyesha nini kuhusu wiki zile sita na ushei tulizokaa tunasubiri?

Baadaye nilivipata kwa shemeji yangu, kwenye laptop yake, na hapo ndipo nilipojua nilichonyimwa. Kura haiahirishwi. Habari ya msiba inatoka wakati vituo vya magharibi bado viko wazi. Mwisho kila kitu kinaangukia jimbo la Nevada, kwa tofauti ndogo, na wanasheria wa Vinick wako tayari kwenda mahakamani. Mzee anakataa. Nilirudisha nyuma nikaangalia tena pale anapokataa. Halafu Santos anamwomba awe waziri wake wa mambo ya nje, nami nikamkumbuka Maalim Seif, aliyeshindwa na Dk. Mwinyi kule Zanzibar 2020 kisha Desemba ileile akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Ni kweli, Wamarekani wa kwenye TV ni waungwana kupita wa kweli. Mwaka huohuo wa 2020 Trump alikataa matokeo, kesi zikafunguliwa jimbo baada ya jimbo, Nevada ikiwemo. Hata hivyo tamthilia hii naipa alama zote. Itafuteni, mwenye moyo wa siasa hatajuta.

Duka sasa. Ile alama nzuri naifuta. Mtu anayekata siku ya uchaguzi kwenye hadithi ya uchaguzi, halafu anakutajia mshindi mbele za watu ili unyamaze, hafai kupewa hata flashi tupu. Za Kikorea labda wanaziweka vizuri, mwenye kuzipenda aende, ila amwambie afungue faili la mwisho mbele yake kabla hajatoa hela.

Na mwenye duka, kama unasoma: nataka vipindi vyangu viwili, na huyo kijana aniamkie.