Dawa ya Dizeli Isigande: Nimeinunua Malindi, Nikaijaribu

Salaam aleikum, hamjambo watazamaji. Leo niko Ganda, hapa nje kidogo ya mji wa Malindi, na huyu nyuma yangu ni trekta langu, Massey Ferguson, mzee wa kazi. Sogeza kamera, mwanangu, waione hii chupa. Imeandikwa kwamba inazuia dizeli kuganda kwenye baridi. Shilingi 1,800, pesa yangu mwenyewe, nimeinunua hapa hapa Malindi mwezi wa saba, kusi likivuma.

Muuzaji alinimaliza kwa swali moja tu: "Kwani mafuta ya nazi nyumbani kwako asubuhi hayagandi?" Yanaganda, ni kweli. Nikatoa pesa.

Akili ilinirudia nikiwa njiani. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dizeli ina nta ndani yake, na nta hiyo huanza kujitenga na kufanya ukungu karibu na nyuzi sifuri, juu kidogo au chini kidogo, kulingana na dizeli yenyewe. Hapo ndipo filta huziba na injini kuzima. Sasa sisi usiku wa baridi kabisa wa kusi ni nyuzi 20 na kitu, na tushajifunika blanketi mbili tukilalamika!

Lakini nisiionee chupa ya watu. Nilitia dizeli kwenye chupa mbili, moja na dawa na moja bila, nikaomba nafasi kwenye friza ya muuza samaki mmoja (alinitazama vibaya, akakubali). Asubuhi, ile isiyo na dawa ilikuwa nyeupe kama maji ya mchele, ukiiinamisha inajivuta. Yenye dawa nayo ilikuwa na ukungu, ila ilimiminika. Nikaitia dawa ile iliyokwisha kuganda: wapi! Dawa hii hutiwa kabla ya baridi. Kwa hivyo inafanya kazi, ila kazi yake iko Kanada. Na wale mnaochanganya dizeli na mafuta ya taa kwa kuwa mmesikia wenzetu wa nchi za baridi hufanya hivyo, acheni. Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni makavu. Tena mwaka 2018 mafuta ya taa yaliwekewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, hata nafuu ya bei ikapungua.

Haya, njooni huku ubavuni mwa injini. Hiki ndicho kinachotuzimia matrekta pwani: maji. Tazameni bakuli hili la kioo chini ya filta. Naweka gilasi, nalegeza koki... umeona? Kwanza maji, yana rangi ya kutu. Yanaendelea. Sasa dizeli inaanza. Gilasi ikitulia, maji yako chini, vidole viwili vizima, kwa sababu ni mazito kuliko dizeli. Na huo ute mweusi unaoelea katikati kama kamasi ni vijidudu. Hukaa mpakani mwa maji na dizeli, wakizaana wanaziba filta.

Maji yametoka wapi? Trekta likilala na tangi nusu, ile nusu nyingine imejaa hewa ya bahari. Usiku unyevu unashika bati la tangi kwa ndani, unatiririka chini. Jaza jioni, usingoje asubuhi. Halafu raba ya kifuniko cha tangi ikiisha, mvua ya masika inaingia yenyewe. Na jerikeni likae usiku kucha kabla hujamimina, na lile tone la chini usilitamani.

Filta hii yenye bakuli ndiyo ningewaambia mnunue. Mimi nimeifunga miezi minne. Ubaya wake? Gasketi iliyokuja nayo ilikuwa ngumu, haikukaa sawa, ikawa inavuta hewa. Asubuhi mbili trekta liligoma kuwaka, nikadhani ni betri. Nikabadilisha gasketi, nikalegeza skurubu ya kutoa upepo, nikapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha na dizeli ikatoka safi. Likawaka kwa mshiko wa kwanza. Koki yake pia ni ya plastiki, basi msiikaze kwa spana, vidole vinatosha. Msimu wa kulima mimi huifungua kila asubuhi kabla injini haijatikisa tangi, maana usiku kucha maji yameshuka.

Ile chupa niliirudisha dukani. Pesa walikataa kunipa, wakanibadilishia kwa gasketi tatu na raba ya kifuniko. Nimezichukua.