Kituo cha mchana cha watoto wa mtaani, kando ya Mto Nairobi: kabati nyota tano, bweni nyota mbili

Vituo vingi hapa Nairobi humpokea mtoto wa mtaani kwa sabuni, wembe na sare, yote ndani ya saa moja. Jioni kesharuka ukuta. Huyo huambiwa hataki kusaidiwa, na hakuna anayeuliza anaacha nini: besi yake, yaani kundi analolala nalo, mkubwa anayempigania, hela ya plastiki anazouza kwa kilo.

Kituo hiki, tusichokitaja jina, kimelielewa hilo, angalau mchana. Mlango hufunguliwa saa mbili asubuhi. Siku ya kwanza huandikwa jina lolote atakalotoa mwenyewe, anapewa uji, na akitaka kuondoka anaondoka. Kilicho bora kabisa ni kabati: tundu la mbao la ukubwa wa kreti ya soda, kufuli ndogo, ufunguo kwenye kamba ya shingoni. Anayelala barazani hana pa kuweka kitu akakikuta asubuhi. Kesho yake anarudi kuhakikisha sweta yake ipo, na hapo ndipo kazi inapoanza. Nguo zake kuukuu hufuliwa zikawekwa humo, hazichomwi. Kunyolewa kunangoja aombe.

Chupa ya gamu, gundi wanayonusa ili walewe, huachwa langoni na kurudishwa akitoka. Wageni hukasirika wakiona hivyo. Lakini gamu ndiyo blanketi lake na ndiyo chakula chake cha usiku. Ukimnyang'anya siku ya kwanza unampa maumivu ya kichwa, hasira na usiku bila usingizi, kisha unashangaa amekwenda wapi. Hapa muda bila chupa huongezwa kidogo kidogo: mpaka chai ya saa nne, mpaka chakula cha mchana, hatimaye kutwa nzima. Lawama yetu ni kwamba hakuna kikomo. Mtoto aliyekuja kwa miezi mitatu bado anakabidhiwa chupa ileile, hali baada ya wiki mbili tatu ilifaa waanze kuzungumza naye habari ya kuimwaga.

Bweni ndipo wanapoharibu. Mtoto aliyezoea kulala kwenye gunia, wenzake wamembana huku na huku, matatu zikipiga honi, analazwa peke yake juu ya dabodeka, kitanda cha ghorofa, na taa inazimwa saa tatu. Kimya chenyewe kinamtisha. Wengi hutoroka kati ya saa saba na saa tisa usiku, na asubuhi daftari linasema "tabia mbaya". Vitanda ni 24 tu, na sensa ya 2018 ilihesabu watu 15,337 wa familia za mitaani katika Nairobi pekee. Dawa si ghali: wiki ya kwanza magodoro sakafuni, watoto wa besi moja chumba kimoja, balbu ya koridoni iwake usiku kucha, mlango usifungwe kwa nje.

Gari lao nalo lina wavu madirishani. Aliyewahi kubebwa na kanjo, askari wa jiji, hapandi gari la namna hiyo hata umpe chapati. Wafanyakazi wenye busara humpandisha matatu ya kawaida.

Darasa ni zuri: saa mbili kwa siku, na kijana wa miaka 13 hachanganywi na watoto wa gredi ya 2.

Kurudi nyumbani, kwenye karatasi, kumepangwa vizuri. Afisa huenda kwanza bila mtoto. Kisha mtoto anashinda siku moja, wikendi, likizo, ndipo anahamia, na ziara huendelea miezi sita. Ndiyo njia inayotakiwa na mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032, watoto walelewe katika familia badala ya taasisi. Kwa vitendo, Desemba hupakiwa wote pamoja, kila mmoja na pakiti ya unga. Kufika Februari, watoto kadhaa wako sokoni Muthurwa tena, kwa kuwa njaa au baba wa kambo aliyewafukuza yuko palepale.

Hakuna ada. Jumamosi na Jumapili wamefunga. Mtoto aliyejeruhiwa au anayedhulumiwa asingoje Jumatatu. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Ukimpeleka mtoto asiye na dharura, usimwahidi shule wala kitanda, mwambie kuna uji na kabati. Fikeni kabla ya saa tatu, gamu haijaanza, na mwache aje na rafiki mmoja.